Mguu Uliokataa Kupoa

Mguu wa kulia ulishapoa. Wa kushoto ulikuwa bado wa moto.

Rampha alidhani ni kiganja chake kinachomdanganya. Alikipangusa kwenye suruali, akakipuliza, akakirudisha taratibu kwenye shavu la mguu wa yule mama aliyelala mbele yake. Moto. Si moto wa mtu aliyekaa juani. Ulikuwa moto wa ndani, kama wa sufuria iliyoepuliwa na bado inatokota yenyewe. Akahamia mguu wa kulia: umepoa, laini, mguu wa mtu aliyelala usingizi wake. Akarudi wa kushoto. Akabonyeza kwa kidole kimoja, kidogo tu, akaondoa. Kidole kikaacha shimo, na lile shimo halikuwa na haraka ya kujaa.

Alihesabu mpaka kumi. Lilikuwa bado halijajaa.

Alikuwa mkandaji kwa miaka kumi na tisa, na kumi na moja kati ya hiyo ameitumikia hoteli hii ya ghuba ya Nian, ambako watu wanakuja kutoka Bangkok na kutoka nchi za baridi kulala, kula, kukandwa na kulala tena. Amekanda maharusi na wajane, wanajeshi wastaafu, mtawa mmoja, na mabwana wanaolia wakiguswa mabega. Hajawahi kumdhuru mtu. Na asubuhi hii, mwili wa aliyelala mbele yake haukuwa mwili wa kubahatisha. Alikuwa Bi Orasa, jaji mstaafu, miaka sitini na sita, shoga wa tangu shule wa mama yake mwenye hoteli. Wafanyakazi wote walimwita Mheshimiwa, hata mtunza bustani.

Katika ukandaji wa kwao kuna jambo linaloitwa kufungua mlango wa upepo. Mkandaji anaweka kitako cha kiganja kinenani, juu ya mshipa mkubwa unaoshusha damu mguuni, anauegemea mpaka ausikie umenyamaza. Anahesabu pumzi thelathini. Kisha anaachia polepole, na damu inarudi kwa kishindo, joto likatiririka mpaka kwenye vidole. Wageni wanalipenda hilo kuliko yote. Lakini kila mkandaji aliyefundwa akafundika anajua kwamba mlango huo haufunguliwi kwa kila mtu. Mwenye mimba, hapana. Mwenye moyo mbovu, hapana. Na mwenye damu iliyoganda mguuni, hapana mara tatu, maana bonge lile likisukumwa laweza kung'oka, likapanda na damu mpaka mapafuni, na mtu akafa hajamaliza kukwambia asante.

Ndiyo maana mikono mikavu hutangulia. Unaanza na nyayo, unapanda, mkono unausoma mguu kabla haujautia dawa. Moto unakuja mwisho: yale mafundo ya mchaichai, manjano, maganda ya ndimu na kafuri, yaliyofungwa kitambaani na kuchomwa mvuke, ndiyo yanayofunga kazi. Utaratibu huo Rampha hakuwahi kuuvunja hata siku moja.

Ila leo Bi Orasa alilala chali, akafumba macho, akasema, "Mwanangu, miguu imechoka na ndege. Saa kumi na nane nimekaa kama gunia, kutoka kwa binti yangu Kanada. Hebu nianzie na moto."

Na kwao huko, mtu mzima, tena mkubwa, akitaka kitu kwenye siku yake ya raha, humwambii hapana. Humwambii hata "ngoja kidogo". Kuna neno lao la hilo. Wanalitumia tangu wakiwa watoto. Ni haya, ni heshima, na mara nyingine ni woga tu uliovaa nguo za heshima. Rampha alikutanisha viganja usoni, akamwombea mwalimu wa kwanza wa kazi yao kama kawaida, akaanza na moto. Robo saa nzima aliigonga miguu yote miwili kwa mafundo ya dawa. Kwa hiyo alipokuja kuishika, yote ilikuwa ya moto, na akajua moto ni wake. Akafungua mlango wa upepo, kulia, kisha kushoto. Pumzi thelathini kila upande. Saa tatu na nusu ya asubuhi.

Sasa ilikuwa saa nne, na moto uliokuwa wake ulishaondoka. Uliobaki haukuwa wake.

Alifungua utepe wa fundo moja la dawa, akauzungusha kwenye shavu la mguu wa kulia, akashika kucha mahali ulipokutana. Akauzungusha wa kushoto. Ulipungua vidole viwili.

"Umenifanya nini?"

Rampha alishtuka mpaka utepe ukamponyoka. Bi Orasa alikuwa amefumbua jicho moja.

"Nakuuliza, umenifanya nini, mwanangu? Nimesahau hata jina langu." Akacheka, akajinyoosha kama paka. "Mikono yako ingekuja mahakamani kwangu, wezi wote wangekiri bila polisi."

"Mheshimiwa... mguu huu wa kushoto, unauma?"

"Wangapi wana miaka sitini na sita na hawaumwi mguu?"

"Tangu lini?"

"Ee! Leo nani jaji hapa?" Alisema kwa kucheka, lakini jicho lilikuwa limeanza kukaza. "Nimetoka kufunguliwa kama ua, usinifanye bibi kizee sasa hivi. Hodhi langu liko tayari?"

"Liko tayari, Mheshimiwa," Rampha alisema. Akatabasamu. Uso ulitabasamu wenyewe, kama ulivyozoea, na yeye ndani akausikia unatabasamu akataka kuupiga kofi.

Meneja wa upande wa ukandaji aliitwa Wilawan. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, kasomea mambo ya hoteli, viatu vyake vinasikika kabla hajafika. Rampha alimkuta kwenye chumba cha kuchomea mvuke, anahesabu mataulo.

"Bosi, mguu wa Mheshimiwa haujakaa sawa."

"Amelalamika?"

"Hajalalamika."

"Basi umekaa sawa."

"Umevimba. Una joto la ndani. Nadhani kuna damu imeganda." Rampha alitazama mlango ulio wazi. "Na mimi nimeshafungua mlango wa upepo."

Wilawan aliweka taulo chini. Akafunga mlango kwa kisigino.

"Dada Rampha, hebu sema polepole. Una uhakika?"

"Mkono wangu una uhakika."

"Mkono wako umesoma udaktari lini?" Alishavuta faili, akaitoa fomu ya mgeni, akaisoma kwa kidole. "Maradhi: hakuna. Dawa unazotumia: hakuna. Maumivu: hakuna. Saini. Saini ya jaji, dada! Ungejuaje wewe, kama mwenyewe hakusema?"

"Nilianza na moto. Aliniomba. Ningeanza na mikono mikavu ningejua."

"Hilo usiliseme tena. Umenisikia? Usiliseme."

"Tumwite daktari, bosi."

"Aje na king'ora, wageni wote wako bwawani? Halafu ikaonekana ni uchovu wa ndege? Mama yake mwenye hoteli atasikia saa hiyo hiyo kwamba tumemtia shoga yake hofu ya kifo kwenye siku yake ya kwanza." Alijifuta jasho juu ya mdomo. "Nesi wetu yupo kesho. Mheshimiwa aende kisiwani kama ilivyopangwa, ale chakula chake cha mchana, arudi, apumzike. Kesho nesi atapita kama anasalimia tu, ataangalia."

"Na kesho isipofika?"

Wilawan aligeukia mlango aliokuwa ameufunga. Rampha aliona vidole vyake vinakunja na kukunjua ncha ya ile fomu, akajua binti wa watu anaogopa kama yeye, ila woga wake umesoma shule nyingine.

"Kama unajua kweli, nenda kamwambie mwenyewe," Wilawan alisema mwishowe, kwa sauti ya kuvunjika. "Mwambie, Mheshimiwa, samahani, nadhani nimekuua. Haya. Nenda. Mimi siwezi."

Rampha alikwenda. Alitembea haraka juu ya mawe ya njia, maneno yamejipanga mdomoni tayari, moja nyuma ya jingine. Bi Orasa alikuwa ndani ya hodhi la jiwe, amezama mpaka mabegani, waridi na asumini na langilangi vinamzunguka, anaimba wimbo wa zamani wa redio na kukosea maneno. Shingo yake ilikuwa na mikunjo midogo kama ya mtoto mchanga. Aligeuka akamwona.

"Nini, mwanangu?"

Rampha alifungua mdomo.

"Maji yanatosha, Mheshimiwa?"

"Yanatosha. Niongezee maua."

Akamwongezea maua.

Saa sita kasoro robo walishuka gatini. Wilawan alikuwa pale, tabasamu limepigwa pasi, anamshika Bi Orasa mkono kwenye kuingia botini. Bi Orasa alisema hatakwenda bila mikono yake ya dhahabu, kwa hiyo Rampha naye aliingia, akakaa karibu na miguu, juu ya mbao. Boti ile ndefu ilikuwa imepambwa vitambaa vya rangi na mashada mbele, godoro la hariri limetandikwa katikati chini ya mwavuli, kuna maji ya madafu kwenye barafu. Dereva aliitwa Useng, Mwislamu wa kijiji cha jirani, mtu wa miaka hamsini anayemtania kila mtu isipokuwa mkewe.

Bahari ilikuwa imelala kama sinia. Majabali yalisimama majini na miti kichwani, ndege weupe wanapita bila sauti. Bi Orasa aliegemea mito, kofia usoni, akashusha pumzi ndefu ya raha, na Rampha akaisikiliza ile pumzi mpaka ilipokwisha. Akasubiri nyingine. Ikaja. Akasubiri nyingine.

Useng aliinama kutoka kwenye injini. "Dada, leo una nini? Umekaa kama mtu aliyekalia siafu na anaona haya kunyanyuka."

"Endesha boti."

"Naendesha. Lakini uso huo utatuletea mvua."

Bi Orasa alikohoa. Mara moja, kikohozi kikavu. Rampha aligeuka kumtazama kifua.

"Upepo wa bahari," Bi Orasa alisema chini ya kofia. Kisha akanyoosha mguu wa kushoto, akauweka juu ya mapaja ya Rampha kama mtu anavyoweka mzigo kwa mtu wake. "Hapa panavuta. Hebu nikande kidogo, palepale."

Ule mguu ulimlalia mapajani, mzito, wa moto, unang'aa mafuta aliyoupaka yeye. Juu ya ngozi, upande wa ndani, palikuwa na mistari ya samawati ambayo asubuhi haikuwepo. Rampha alirudisha mikono nyuma ya mgongo, akaikamatanisha.

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Huwezi nini?"

"Mguu huu nisiukande tena leo."

Kofia iliondoka usoni. "Nimekuomba kwa heshima, mwanangu. Au mikono inafanya kazi kwa saa maalumu, kama benki?"

"Umeshakandwa sana. Utauma."

"Tazama jinsi ulivyoificha! Kama mtoto aliyeiba embe." Bi Orasa alicheka, lakini aliuondoa mguu, na kicheko hakikufika machoni. Safari iliyobaki aligeukia bahari. Rampha alitazama kisiwa kikikua mbele yao, akahesabu: dakika hamsini tangu gatini, dakika hamsini kurudi, na huko mbele hakuna daktari, hakuna hata barabara, kuna meza tu iliyotandikwa kitambaa cheupe juu ya mchanga. Kila alipoinua ulimi, alimwona Wilawan akikunja ile fomu, akamwona mama yake mwenye hoteli, akaiona miaka yake kumi na moja ikipigwa kufuli kwa maneno mawili. Akajiambia, akikohoa tena nitasema. Bi Orasa hakukohoa. Akajiambia, basi labda mkono wangu umekosea. Woga una ujanja. Unakuonyesha kila mlango isipokuwa ule wa kutokea.

Wapishi wawili walikuwa wametangulia. Kamba wakubwa walikuwa juu ya makaa, papai bichi linapondwa kinuni pamoja na pilipili, wali wa kunata na embe umefunikwa majani. Kutoka botini mpaka mezani palikuwa na hatua thelathini, labda arobaini. Bi Orasa alishuka mwenyewe, akakataa mkono wa Useng.

Hatua ya kumi na tano alisimama.

"Mchanga mzito huu," alisema.

Akaenda hatua nne. Akasimama tena, mkono kiunoni, kama mtu anayetazama mandhari. Lakini mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Alifika kitini, akakaa kwa kishindo, akajaribu kutabasamu, na tabasamu likabaki upande mmoja.

"Kichomi," alisema. "Kidogo tu. Hapa ubavuni, nikivuta pumzi. Nilikula asubuhi ndani ya bwawa, kapu la chakula linaelea kifuani kama malkia. Upepo umeniingia. Nipeni maji ya..."

Hakumaliza. Pumzi haikumtosha kumaliza.

Rampha alipiga magoti mchangani. Hakukumbuka kuamua. Alikuta yuko chini, mchanga unamchoma, na sauti yake inatoka kavu na kubwa mpaka wapishi wakageuka.

"Mheshimiwa, usinyanyuke. Usitembee tena. Mguu wako una damu iliyoganda, na mimi niliusukuma. Nilianza na moto kabla ya kuusoma, nikafungua mlango wa upepo kinenani. Nadhani kipande kimeng'oka kimepanda kifuani. Tukupeleke hospitali sasa hivi."

Kinu cha papai kilinyamaza. Bi Orasa alimtazama. Lile jicho halikuwa tena la mama mwenye likizo. Lilikuwa jicho ambalo watu wamesimama mbele yake pingu mikononi.

"Saa ngapi ulifanya hivyo?"

"Saa tatu na nusu."

"Sasa saa ngapi?"

"Saa saba kasoro dakika tano," alisema Useng, ambaye alikuwa amekuja mbio.

"Ulijua lini?"

"Saa nne. Ulikuwa umelala."

"Nilipoamka ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanimwagia maua."

Rampha aliinamisha kichwa mpaka mchangani.

"Ukanipaka mafuta," Bi Orasa alisema polepole, akitafuta pumzi katikati ya maneno, "ukaniogesha maji ya manukato, ukanimwagia maua. Unajua ni nani anafanyiwa hivyo, mwanangu, na watu wake wamemzunguka?"

Alijua. Kila mtu pale alijua.

"Ninyanyueni," alisema Bi Orasa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Walimbeba na kiti. Useng na mpishi mmoja mbele, Rampha na mwingine nyuma, kamba wakiungua kwenye makaa bila mtu. Botini walimlaza kwenye lile godoro la hariri, mgongo umeinuliwa kwa mito, mguu umenyooshwa bila kuguswa. Useng aliwasha injini akaifungua yote, na boti ikanyanyua pua.

Simu ya Rampha ilikamata mtandao walipotoka nyuma ya jabali. Alipiga hospitali ya mkoa kwanza, akawaambia kila kitu, wakasema gari la wagonjwa litasubiri mjini. Kisha akampigia Wilawan.

"Mlete hapa!" Wilawan alipiga kelele. "Gari letu liko tayari, tutampeleka sisi, kwa utaratibu!"

"Kutoka hapo mpaka hospitali ni saa nzima ya milima, bosi. Tunakwenda mjini moja kwa moja."

"Rampha! Mimi ndiye meneja!"

"Ndiyo, bosi," Rampha alisema, akaweka simu mapajani, ikaendelea kusema peke yake.

Midomo ya Bi Orasa ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Alinyoosha mkono akaonyesha simu. Rampha akamwekea sikioni. Bi Orasa alisikiliza kidogo.

"Binti," alisema, "nyamaza." Akarudisha simu.

Baadaye kidogo, amefumba macho, alisema, "Mguu uliniuma tangu kwenye ndege. Nilidhani nikiunyamazia, utanyamaza. Binti yangu angejua, angenilaza hospitali Kanada wiki mbili, nikitazama theluji." Akavuta pumzi fupi, kama mtu anayekunywa chai ya moto. "Kwenye fomu nikaandika hakuna. Nimewafunga watu kwa uongo mdogo kuliko huo."

"Usiseme sana, Mheshimiwa."

"Nikinyamaza nitasikia moyo. Unakwenda vibaya. Usikie." Alitaka kuushika mkono wa Rampha auweke kifuani, lakini Rampha aliurudisha nyuma bila kutaka, na wote wawili waliona.

Useng aliita kutoka nyuma. Alikuwa amesimama, anatazama mlango wa mto. "Dada! Maji yametoka. Gati la mjini hatulifikii, tutakwama matopeni. Kuna ngazi za wavuvi upande huu, wapigie wa gari waje hapo, lakini kutoka kwenye maji mpaka ngazini ni tope la magoti."

"Upana gani?"

"Kama kiwanja cha mpira nusu."

"Kaka Useng, ukikwama..."

"Nikikwama nitambeba kichwani. Shika mito."

Boti iligusa tope, ikanguruma, ikasogea, ikagusa tena, ikasimama. Ngazi zilikuwa pale mbele, na juu yake gari jeupe la wagonjwa, na wanaume wawili wakivua viatu. Useng alishuka, tope likammeza mpaka mapajani. Wale wawili wakaja. Walilishika lile godoro la hariri pembe tatu, Rampha ya nne, wakaanza kwenda. Kila hatua tope lilivuta mguu na kuuachia kwa sauti mbaya. Rampha alitazama kitu kimoja tu, kifua cha Bi Orasa chini ya kanga yake ya maua, kikipanda kidogo, kikishuka, kikipanda kidogo zaidi. Mara moja hakikupanda. Alipiga kelele. Wale wanaume walisimama. Kikapanda.

"Twende!" alisema Useng. "Twende, jamani, twende!"

Wilawan alishafika hospitalini kabla ya wao kushushwa. Hakuna aliyejua aliendeshaje ile milima. Alikuwa amesimama mapokezi, viatu mkononi, fomu mkononi. Daktari aliyewapokea alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya usingizi.

"Nani alikuwa naye? Ameanza lini? Ameguswa mguu?"

"Fomu yake ilikuwa safi, daktari," Wilawan alisema upesi. "Hakuna maradhi, ameweka saini mwenyewe, tazama. Alichoka na ndege. Sisi tulimhudumia kawaida tu..."

"Nimeuliza kama ameguswa mguu."

Wilawan alimtazama Rampha. Macho yale yalikuwa yanamwomba, wala hayakuwa yanamtisha; ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi.

"Mimi nilimkanda," Rampha alisema. Tope lilikuwa limemkaukia mpaka kiunoni. "Saa tatu na nusu. Kwanza moto wa dawa, robo saa, miguu yote. Kisha nilibana mshipa hapa," akajishika kinenani mwenyewe mbele ya watu wote, "kwa uzito wangu wote, pumzi thelathini, nikaachia. Mguu ulikuwa umevimba tayari. Sikuusoma kabla. Kikohozi saa sita na nusu. Kichomi saa saba kasoro. Amekatika pumzi mara moja tulipokuwa tunambeba."

Daktari aliandika haraka, akaita jina la sindano, akakimbia na kitanda.

Walikaa kwenye benchi, mkandaji na meneja, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Wilawan alilia bila sauti, kisha akaacha. Useng alisimama mlangoni akinong'ona dua. Saa kumi jioni daktari alitoka. Bonge kubwa liko pajani bado, alisema. Kipande kimepanda pafu la kulia. Sindano ya kuzuia damu isigande imeingia, nyingine inaingia. Kwa kuwa walijua mapema cha kutafuta, hawakupoteza muda. Kama litatulia, atapona. Kama kipande kingine kitang'oka, hawezi kuahidi kitu. Alfajiri ndiyo itakayosema.

"Anamtaka mkandaji," aliongeza.

Bi Orasa alikuwa amelala nusu ameketi, kifuniko cha oksijeni usoni, mrija mkononi. Bila kofia na bila mafuta alionekana mdogo. Rampha alisimama mbali na kitanda.

"Njoo." Alisubiri mpaka amekaribia. "Nisingepata kile kichomi, ungesema?"

Rampha alitafuta jibu zuri. Yalikuwepo mengi, yote yamejipanga mdomoni kwa adabu.

"Sijui, Mheshimiwa."

Bi Orasa alimtazama. Hakuna kilichosomeka usoni mwake, hukumu wala msamaha. Kisha mashine ya moyo pembeni ilitoa mlio, akashtuka, akanyoosha mkono.

"Nishike."

Rampha aliuangalia ule mkono. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kujiuliza ashike vipi mkono wa mtu. Sasa hakujua uzito wa vidole vyake mwenyewe. Alifungua kiganja, akakiweka juu ya shuka, akakiacha hapo. Bi Orasa ndiye aliyekishika, akakibana kwa nguvu ambazo hakudhaniwa kuwa nazo.

"Alfajiri ni saa ngapi?"

"Mbali kidogo, Mheshimiwa."

"Usiende."

"Siendi."

Mashine ikalia tena. Wote wawili wakaigeukia, wakazuia pumzi. Ikanyamaza. Wakavuta pumzi, wakaendelea kuitazama.